Kurasa Sita za Suria wa Mfalme

Kurasa sita za mwisho za kile kitabu nilizichana mimi mwenyewe, nikazifungia karanga, nikawauzia askari pale getini. Nilikuwa na miaka kumi. Mama hasomi Kifaransa, kwa hiyo katika nyumba ile mtu pekee aliyejua kitabu kinaishaje nilikuwa mimi, na mimi nilimdanganya. Nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini. Mwezi uliopita ilibidi nilitoe, kwa sababu uongo wangu ulizunguka mji mzima ukarudi kukaa sebuleni kwangu, ukaanza kunipa mashauri.

Nianze na nyumba, maana bila nyumba hakuna kitabu.

Ilikuwa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, juu ya mto, moja ya zile nyumba za matofali ambazo Wazungu wa reli walijengewa zamani, yenye baraza pande tatu na choo ndani. Wenyewe walishaondoka kabla sijazaliwa. Vita vilipoingia Kindu, komanda mmoja aliichukua. Jina lake sitaliandika. Kuna watu bado wanamwogopa. Mimi simwogopi, ila sitaki akae kwenye karatasi yangu.

Mama alikuwa anauza karanga za kukaanga karibu na soko. Baba alikuwa amepanda treni kwenda Kalemie kutafuta bidhaa, njia ikakatika nyuma yake, hakurudi. Baadaye tulisikia ameoa huko. Siku moja askari akasimama mbele ya meza ya mama akamwambia, "Mama, komanda anatafuta muntu wa kumupikia. Ameona weye uko safi." Akaenda kupika. Wiki ya kwanza alirudi kila jioni. Wiki ya pili hakurudi. Alimtuma askari yuleyule aje kunichukua kwa nyanya, mtaa wa Mikelenge, na begi langu la shule. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemuuliza pia. Watu wakaanza kumwita bibi wa komanda, mbele yake kwa heshima ili awasaidie chumvi, na nyuma yake kwa jina ambalo siliweki hapa kwa sababu binti yangu atakuja kujua kusoma.

Chumvi ndiyo ilikuwa kila kitu. Mji ulikuwa umezungukwa. Wapiganaji wa msituni walishika njia zote, anayeenda shambani harudi, treni haiji, chumvi inapimwa kwa kijiko cha chai. Sisi tulikuwa nayo. Tulikuwa na sukari, tulikuwa na makayabu, wale samaki wa chumvi, tulikuwa na samaki wa kopo. Naandika hivi ili ieleweke kwamba mimi nilikuwa nakula. Nilinenepa wakati wenzangu wa darasani wanavimba miguu. Zamani nilikuwa natetemeka nikilikumbuka hilo. Sasa hivi sitetemeki tena. Sisikii kitu.

Kwenye ukumbi wa nyumba ile kulikuwa na kabati la vitabu vilivyovimba kwa unyevu. Askari walikuwa wanavichana kuwashia mbabula zao za makaa na kusokotea tumbaku. Kimoja kilikuwa kimeshapoteza jalada, na ndani yake kulikuwa na picha ya mwanamke amekaa kwenye kiti, amevaa glavu ndefu mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake ukuta wenye mlango mdogo. Mama alikipenda kwa sababu ya picha ile.

"Uyu njo nani?" akaniuliza. "Nisomee."

Nikasoma maneno yaliyo chini ya picha, nikayarudia mara mbili ili niwe na hakika. "Ni mwanamke wa mfalme wa Ulaya, mama. Zamani, wakati wa nyanya wa nyanya. Lakini si bibi yake. Bibi yake ni malkia. Huyu ni ule mwingine."

Mama akapitisha kidole juu ya glavu. Nyanya alikuwepo siku hiyo, amekuja kuchukua chumvi yake, na ndiye aliyetupa neno. "Suria," akasema. "Mbona munatafuta mbali. Huyo ni suria."

Nyanya alitoka kwenye ukoo wa Kiislamu wa Kasongo, na nyanya yake yeye alikuwa suria wa mkubwa mmoja wa zamani zile za wangwana wa misafara. Alikuwa anaizungumzia sheria ya nyumba zile kama mtu anavyozungumzia bei ya mafuta. Suria akimzalia bwana wake, hauzwi tena. Hatolewi nyumbani. Na mtoto anachukua jina la baba, anakaa mkeka mmoja na watoto wa mke wa ndoa. "Tumbo lake njo hati yake," nyanya alisema, akafunga chumvi kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga akaenda.

Mama alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Sikujua. Nilifikiri ananenepa kama mimi.

Ikawa kazi yetu ya kila mchana. Shule ikifunguliwa nilirudi saa sita. Isipofunguliwa nilikuwepo tu. Komanda akishakwenda kwenye ofisi yake, mama alitoa kikaango kwenye baraza ya nyuma, akamwaga mchanga, akaukoleza moto, akatia karanga. Hakuacha kukaanga hata tulipokuwa na sukari. Alikuwa anawauzia askari walewale wanaotulinda. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikisoma mstari wa Kifaransa kimyakimya, halafu naugeuza kwa sauti. Nusu ya maneno sikuyajua. Nisipojua nilikuwa naangalia kijiko cha mama. Kijiko kikisimama ndani ya mchanga, nilijua amepata mahali pa kujiona, basi narefusha. Kijiko kikizunguka haraka, naruka.

Mwanamke wa mfalme alikuwa binti wa mshona glavu. Mfalme alikuwa na ugonjwa wa vidole, vinavimba wakati wa baridi, hakuna glavu ya dukani iliyomwingia. Akaletwa yule binti kumpima. Kila kidole peke yake, kwa utepe, polepole. Mfalme akaanza kuagiza glavu hata wakati wa joto.

"Ah," mama akasema. "Na huyu naye alimupikia."

"Alishona, mama."

"Ni kitu kimoja. Endelea."

Mfalme akamjengea nyumba nyuma ya bustani ya ikulu. Kati ya bustani na nyumba kulikuwa na ukuta, na kwenye ukuta mlango mdogo ule wa picha. Komeo lilikuwa upande wa mfalme. Yule mwanamke hakuweza kuufungua. Alikaa ndani na nguo nzuri akisikiliza kama komeo linasogea. Gari la malkia likipita barabarani alitakiwa aondoke dirishani. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo. Wageni wa nchi nyingine wakija, aliambiwa asiwashe taa za upande wa mbele.

Mama aliinua uso. Wiki ile ile wakubwa wa komanda walikuwa wamekuja na ndege, na yeye alikuwa ameambiwa akae jikoni, na walipouliza ni nani, komanda alijibu, "Mpishi." Nilikuwa nimebeba sahani, nilisikia.

"Malkia alikuwa anajua?" mama akauliza.

"Alijua."

"Alikuwa anasema nini?"

Nikatafuta. "Kitabu hakisemi."

"Basi aliyekiandika ni mwanaume," mama akasema, na kijiko kikazunguka.

Walizaliwa wana wawili. Hawakupewa jina la mfalme. Waliandikwa kuwa watoto wa dereva wa farasi aliyekuwa ameshakufa, marehemu asiyeweza kukataa. Hapo mama alikasirika kabisa, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona akikasirika kwa ajili yake mwenyewe. "Hao Wazungu hawana sheria. Suria anazaa wana wawili, wanapewa baba maiti? Nyanya yako akisikia atawacheka." Halafu akaniangalia. "Lakini mwisho wake itarekebishwa. Haiwezi kubakia vile. Si kweli?"

"Bado sijafika, mama."

Nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa nimesoma peke yangu asubuhi ile, komanda akiwa bafuni.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Mfalme aliugua, akaona anakufa. Padri akaja, akamwambia hawezi kumpa sakramenti ya mwisho wakati yule mwanamke yuko upande wa pili wa ukuta. Nilitegemea mfalme angekataa. Hakukataa. Alisema maneno mawili, "Mumwondoe," akafumba macho apokee. Walimpa yule mwanamke saa moja tu ya kufungasha. Maofisa walisimama sebuleni wakiangalia asichukue vijiko. Mlango mdogo ulijengewa matofali siku hiyohiyo. Alirudi kwenye mji wa baba yake na wanawe, akaishi miaka thelathini na kitu, akishona glavu za watu wengine.

Nilisoma mara tatu. Nilielewa vizuri kuliko nilivyoelewa kurasa zote zilizotangulia, kwa sababu maneno yake yalikuwa mafupi.

Sasa, siku zile ndipo mama mkubwa, dada yake mama anayekaa Alunguli, ng'ambo ya mto, alituma habari. Alisema watu wa komanda wanafungasha, kila mtu sokoni anajua isipokuwa wanaolala nao. Amepata mtumbwi. Atakuja Ijumaa kutuvusha, na kutoka Alunguli tutafuata njia ya kwenda Lubutu pamoja na ndugu za mumewe, taratibu, kabla tumbo la mama halijawa zito. Mama alisikiliza habari ile kutoka kwa mwanamke aliyeileta, akamwambia, "Mwambie nafikiri."

Mchana akaniita barazani. "Tumalize kwanza kitabu," akasema. Alicheka alipokuwa anasema, kama mtu anayefanya mzaha. Haukuwa mzaha. Alikuwa amekaa wima, kijiko mkononi, na karanga hajazitia bado.

Na mimi sikutaka kwenda. Hakuna sababu kubwa. Nilikuwa na kitanda. Asubuhi nilikuwa natia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai na hakuna aliyehesabu. Kwa mama mkubwa tungelala saba kwenye mkeka na kula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Watu wakisoma haya watatafuta kwamba labda nilikuwa nataka kumlinda mama asiumie. Waache. Ilikuwa sukari.

Nikafungua kitabu kwenye ukurasa uleule na nikasema, "Mfalme aliugua. Akaita wakubwa wote wa serikali. Akamwita yule suria akae kitandani karibu yake. Akachukua ufunguo wa nyumba akauweka ndani ya mkono wake, akasema, nyumba hii ni yake na ya wanangu, na wanangu wana jina langu, na atakayemtoa amenitoa mimi."

Mama aliinama akatazama ukurasa. Halafu: "Soma tena."

Nikasoma tena, neno kwa neno. Nilikuwa na akili ya kushika.

"Nionyeshe mahali pa ufunguo."

Nikaweka kidole chake juu ya mstari. Mstari ule ulikuwa ule wa saa moja ya kufungasha. Kidole chake kilikuwa na masizi, kikaacha alama. Akatia karanga.

Kesho yake nilimsikia anamwuliza karani wa komanda, kijana wa Kisangani aliyesoma, kama ana nafasi amsomee kidogo kitabu, anataka kukisikia kwa sauti ya mtu mzima. Karani akamwambia kesho. Nikachana kurasa sita, nikazikata vipande vya kufungia, na kufikia saa tisa zilikuwa zimekwisha zote, zimekwenda na karanga. Nilimwambia mama askari wamezichana za tumbaku. Hakushangaa. Walikuwa wanafanya hivyo.

Ijumaa mama mkubwa alikuja kweli, amevaa viatu vya shamba, amesimama kwenye mlango wa jikoni hataki kuingia ndani.

"Weye, unangoja nini?"

"Namungoja muntu yangu."

"Muntu yako. Ana bibi kwao, ana watoto watano, hata mbuzi za kwao zinajua jina la bibi yule. Weye anakujua kwa supu."

"Suria akizaa hatolewi. Mama alisema."

"Mama alisema ya Kasongo, ya watu waliokufa. Huyu ni muntu wa lori."

"Hata Ulaya ni vile," mama akasema. "Mutoto amenisomea."

Mama mkubwa akanigeukia. Naikumbuka sura yake kuliko ya komanda. Hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini alikuwa na macho ya mtu anayenunua samaki. "Ulisoma hivyo?"

"Ndiyo, mama mukubwa."

"Kiko wapi?"

"Askari wamechana."

Akaniangalia bado kidogo, akatema mate pembeni, akashuka mtoni. Mtumbwi ulikuwa na nafasi mbili tupu. Niliuona kutoka barazani.

Wiki tatu baadaye malori yalipanga mstari asubuhi mbele ya nyumba. Komanda alikunywa chai yake amesimama. Mama alikuwa amevaa kikwembe kipya. Alifikiri tunaondoka pamoja, au anaachiwa nyumba, moja kati ya hayo. Komanda hakumwambia kitu. Alimwambia askari wa geti, nasi tuko pale, "Huyu mpishi atoke, nyumba inafungwa." Askari akatazama chini, akasema, "Mama, kusanya vitu." Hakutupa hata saa moja. Mama alichukua kikaango. Mimi nilichukua begi la shule. Ufunguo ulibaki mlangoni, kwa nje.

Mtoni hakukuwa na mtumbwi hata mmoja, wenye mitumbwi walishaificha. Tukafuata reli, na watu wengine wengi, kuelekea Kibombo. Mama alijifungua kabla ya wakati kwenye nyumba ya stesheni isiyo na paa, mwanamke tusiyemjua akimsaidia. Alikuwa mvulana. Aliishi siku tisa. Tulimzika pembeni ya reli, mahali ambapo leo nikionyeshwa sitapajua. Jembe lilikuwa la kuazima na mwenyewe alikuwa anangoja, ana safari, kwa hiyo tuliharakisha.

Mama hakulia mbele yangu. Alisema kitu kimoja tu, tukiwa tumeshaanza kutembea tena: "Ningekuwa nimeshazaa, asingenitoa. Ni siku zilikosea."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sikusema. Wala mwaka uliofuata, tuliporudi na kuhamia Alunguli kwa mama mkubwa. Wala nilipopata diploma ya serikali na mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Na kila mwaka ilikuwa mbaya zaidi, maana mama aliichukua hadithi ile akaanza kuisimulia. Sokoni Alunguli, kwenye meza yake ya karanga, wanawake walikuwa wanamwomba: "Mama, tupe ya yule wa glavu." Anawapa, mlango mdogo, nguzo ya kanisa, dereva wa farasi. Na mwishoni anafungua kiganja, anaweka ufunguo usioonekana, anakifunga. Nimeona wasichana wanafuta macho. Nimeona wengine wakirudi kwenye nyumba ambazo wangepaswa kuzikimbia. Sijui kama ni kwa sababu ya hadithi. Nilikuwa naondoka inapofika sehemu hiyo, naenda kununua kitu chochote.

Halafu mimi, na diploma yangu, nikafanya kilekile.

Mwanaume wangu si komanda, ni mheshimiwa. Ana suti, anaongea taratibu, hana bunduki. Alinikuta kwenye ofisi nilikokuwa naandika barua kwa kompyuta, akaagiza barua nyingi. Ndiyo, nilijua ana mke wa ndoa. Nilimjua mpaka kwenye vidole. Akanipangishia nyumba Mikelenge yenye geti la bluu, na binti yetu akazaliwa, na kila mwezi alisema mwezi ujao tutakwenda kwenye ofisi ya serikali kumwandikisha mtoto kwa jina lake. Mtoto ana miezi minane. Mwezi ujao haujafika.

Jumatatu moja mwezi uliopita alikuja mtu wake wa protokoli, kijana mwenye adabu sana, hakukubali hata kiti. "Mama wa mutoto," akasema, "Madame anashuka na ndege ya Ijumaa kutoka Kinshasa. Mheshimiwa anaomba utulie. Usikae mbele. Utumie mlango wa nyuma. Na ubatizo wa Jumapili, anaomba usogezwe kwanza." Aliyasema akiwa ameyaandika kwenye simu ili asisahau. Nikamwuliza kama taa za mbele niziwashe au nisiziwashe. Akaangalia kwenye simu. "Hiyo hakusema."

Nilitaka kumrushia sufuria. Nilikuwa nayo mkononi. Lakini mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine, na nikamsindikiza mpaka getini, nikamwambia asante.

Jumatano mama akavuka kutoka Alunguli kuja kumwona mjukuu, na kikaango chake, kwa sababu hapendi kukaa bila kazi. Nikamweleza maneno ya protokoli. Nilitegemea atakasirika. Aliwasha mbabula uani, akamwaga mchanga, akatia karanga.

"Utakaa," akasema.

"Mama."

"Utakaa, utatulia. Weye umeshazaa. Miye njo sikuwa nimezaa bado. Yule wa glavu, walimufichaka miaka mingapi? Lakini alingoja, na ufunguo waliuweka hapa." Akafungua kiganja.

Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu. Nilikuwa nimesimama. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza tena nitakaa kwenye nyumba ile, nitatumia mlango wa nyuma, na binti yangu atakuwa na marehemu wake wa kuandikiwa. Nikasema, "Hawakumpa ufunguo."

Kijiko kikasimama.

"Nilikudanganya, mama. Mfalme alisema mumwondoe. Walimpa saa moja, wakamtoa. Zile kurasa hawakuzichana askari. Nilizichana mimi, nikazifungia karanga zako."

Sikujua kwamba itakuwa fupi hivyo. Miaka yote nilifikiri ni maneno mengi.

Mama hakuniangalia. "Ule mustari uliweka kidole changu," akasema, "ulikuwa unasema nini?"

"Ile ya saa moja."

"Na weye ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Hapana. Ilikuwa sukari."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na akaona inalingana. "Ulipenda sana sukari," akasema. Moshi ulikuwa unapanda. Mama yangu, ambaye amekaanga kwenye vita na kwenye mvua, hajawahi kuunguza. Zile ziliungua zote, tukiziangalia wote wawili, mpaka zikawa nyeusi.

Halafu akauliza, "Wakati walimutoa, nani alibebaka vitu vyake?"

"Kitabu hakisemi."

Nilingoja aseme kwamba aliyekiandika ni mwanaume. Hakusema. Alimwaga mchanga na karanga zake pembeni ya ukuta, akakipiga kikaango kwa kijiko kikasafika, akasimama. Akanifungua mtoto mgongoni bila kuniomba, akamfunga kwenye mgongo wake.

"Leo ni Jumatano," akasema. "Anafika Ijumaa. Tukianza sasa, kitanda kitavuka kabla ya giza."

Tulianza. Tuliita pikipiki mbili na mkokoteni mmoja. Majirani wa Mikelenge walitoka kutazama, na mmoja akauliza kama kuna msiba, mama akamjibu, "Hapana, kuna kitanda." Tulichukua vyote, hata vijiko, hata pazia. Mlinzi wa geti aliuliza atamwambia nini mheshimiwa. Nilimwambia amwambie mpishi ametoka. Hakuelewa, na sikuwa na haja aelewe.

Kwenye mtumbwi godoro lilikaa katikati, mama mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma na meza imepinduliwa miguu juu. Mto ulikuwa umejaa. Kutoka pale katikati zile nyumba za matofali za Kasuku zinaonekana, na mama alikuwa amegeuza uso upande huo. Sikujua anaangalia nini.

"Siku ile dada yangu alikuja," akasema, "tungevuka hapahapa."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja aendelee. Nilitaka aendelee, nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa miaka ishirini. Makasia yalipiga maji mara nyingi. Mtoto aliamka, akashika sikio la nyanya yake.

"Na yule wa glavu, kisha kutolewa? Aliishi?"

"Aliishi. Miaka thelathini na kitu."

"Akifanya nini?"

"Alishona glavu. Za kuuza."

"Na wale wana?"

"Aliwalea."

Mama akamwambia mwenye mtumbwi akae kushoto zaidi, pale mbele maji yanavuta. Jumapili mtoto alibatizwa Alunguli, kwa jina langu. Mama hajanisamehe, au amenisamehe na hajaniambia, sijauliza. Asubuhi anaweka kikombe cha chai mbele yangu kama zamani, na kopo la sukari analiweka upande wake wa meza. Nikitaka, namwomba.